Povu Lipigie Kwenye Bakuli Pana, Kikombe Kiachie Chai

Wengi wanaoanza kunyoa ndevu kwa brashi na sabuni huchagua wembe kwa makini, wakaulizia brashi kila duka, halafu povu wakalipigia katika chombo chochote kilicho karibu. Mara nyingi chombo hicho ni kikombe cha chai. Povu likitoka jepesi, limejaa mapovu makubwa yanayopasuka kabla wembe haujafika shavuni, lawama zote humwangukia mtengenezaji wa sabuni. Mimi hunyoa kwa brashi asubuhi nyingi, na nimeshapigia povu katika vyombo vya kila aina. Nasema bila kusita: kama sabuni ni ya kawaida na maji si ya chumvi, kinachobaki kuamua ni umbo la chombo.

Povu la kunyolea ni sabuni, maji na hewa. Hewa huingizwa na brashi. Ukiizungusha, nywele zake zinatakiwa zifunguke, ziguse chini kwa ncha na kwa ubavu, zikiburuta maji na kuokota hewa kila mzunguko. Ndani ya kikombe chembamba hazina pa kufungukia. Mpini unagonga ukingo, nywele zinabaki zimesimama, na wewe unakoroga tu kama anayekoroga sukari. Povu la namna hiyo huonekana kujaa haraka, lakini likipakwa usoni linakauka upande mmoja kabla hujamaliza mwingine.

Fundo la nywele katika brashi nyingi lina kipenyo cha milimita 22 hadi 26, na nywele zenyewe hutokeza nje ya mpini kama sentimita 5. Zikifunguka vizuri, upana wake huongezeka maradufu. Kwa hiyo bakuli ninalolipendekeza lina upana wa ndani wa sentimita 10 hadi 13 na kina cha sentimita 5 hadi 7. Likizidi upana huo, povu linatambaa kwenye kuta na kupoa. Likiwa na kina kikubwa, vidole vinaingia ndani na kujaa sabuni, na mkono uliojaa sabuni haufai kushika wembe.

Hizo namba si lazima uende nazo dukani. Nenda na brashi yako, ikiwa kavu. Isimamishe katikati ya bakuli, ibonyeze kidogo hadi nywele zifunguke, kisha izungushe taratibu. Kama mpini haugusi ukingo popote, umbo limefaa. Halafu ligeuze uangalie kitako. Kitako chenye pete iliyochomoza ni neema, kwa sababu vidole vina pa kushika. Hilo ni muhimu zaidi kwetu tunaonyoa kando ya ndoo, bila sinki wala kaunta ya kuegesha kitu, bakuli likiwa kwenye kiganja na mikono imelowa. Chagua linalokaa ndani ya kiganja kizima. Lenye kitako laini na kipana kupita kiganja litakuponyoka siku moja.

Chini kwa ndani kuna jambo jingine. Mabakuli yanayotengenezwa mahususi kwa kazi hii mara nyingi huwa na matuta au mifereji, na hiyo kweli huharakisha povu, maana nywele hujikwaruza na kuachia sabuni. Pitisha kidole juu ya matuta hayo. Yakiwa ya mviringo, yaliyofunikwa na rangi ya kauri inayoteleza, chukua. Yakiwa na ncha kali, achana nalo, kwani yatakata ncha za nywele za brashi kidogokidogo, hasa ya nywele za melesi (badger kwa Kiingereza), ambayo ncha zake laini ndizo ulizolipia. Bakuli laini kabisa nalo linafaa. Litakudai nusu dakika zaidi, basi.

Watu hunibishia kwamba vikombe vya kunyolea vimekuwepo miaka mingi, iweje visifae? Ni kweli vimekuwepo. Katika maduka ya vinyozi ya Marekani, tangu baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe hadi miongo ya kwanza ya karne ya 20, rafu zilijaa vikombe vya kauri vya wateja, kila kimoja na jina la mwenyewe, na vingine vimechorwa kazi yake: fundi wa reli, mchinja nyama, mtengeneza viatu. Kauri nyingi zilitoka Ufaransa na Ujerumani zikiwa nyeupe, zikachorwa huko Marekani. Mteja alikuwa na kikombe chake, na watu waliamini hilo linazuia kuambukizana vipele. Desturi hiyo ilififia wanaume walipoanza kujinyoa nyumbani kwa nyembe za usalama, kama ule ambao King C. Gillette alipewa hataza yake mwaka 1904.

Sasa angalia jinsi vikombe hivyo vilivyotumika. Kipande cha sabuni ya mviringo kilikaa chini kabisa, na brashi ilizungushwa juu ya sabuni yenyewe. Sabuni iliinua sakafu ya kikombe, na brashi ilikuwa inachota sabuni ya kupeleka usoni, ambako povu lilimalizikia. Ukitaka kutumia kikombe leo, fuata njia hiyohiyo. Tafuta kikombe kipana cha supu, kwangua kwa kisu sabuni ya kunyolea ya mche, kama Arko ya Waturuki, ibonyeze chini kwa kidole gumba hadi ishikane, kisha izungushie brashi hapo na umalizie povu kwenye ndevu. Hapo kikombe kinastahili sifa. Kwa krimu ya tyubu inayohitaji kupigwa kuanzia mwanzo, rudi kwenye bakuli.

Kuhusu malighafi, naweka udongo wa kuchomwa uliopakwa rangi ya kauri mbele ya vyote. Ukuta wake mnene ukishapashwa kwa maji ya moto hukaa na joto hadi mzunguko wa pili wa kunyoa. Kabla hujalipa, liinue kwa vidole vitatu na uligonge ukingoni kwa ukucha: zima hulia mlio mrefu, lenye ufa hutoa mlio mfupi uliozibwa. Stenlesi haivunjiki na inafaa safarini, ila hupoa upesi. Bakuli la bati lenye enameli ni zuri mpaka enameli inapobanduka, kisha kutu huanza. Alumini usiitumie. Sabuni ni alikali, huifanya iwe nyeusi na uchafu huo ukaingia kwenye povu. Mbao hupasuka ikikaa na unyevu. Kifuu cha nazi kilichopigwa msasa na kupakwa mafuta kinapendeza sana, lakini huyumba kikiwekwa chini na upana wake mara nyingi haufiki kipimo nilichotaja.

Plastiki ni nyepesi na rahisi, na mimi sina ugomvi nayo, isipokuwa ile iliyowahi kukaa na chakula. Mafuta ya kupikia huua povu, na plastiki huyashikilia hata baada ya kuoshwa. Bakuli la povu liwe la povu tu, lisirudi jikoni.

Maji nayo yana sehemu yake. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vingi hutoa maji yaliyobeba chokaa. Chokaa hiyo hukamatana na sabuni ikawa utando mweupe usiotoa povu. Unayeishi Unguja au Mombasa na kutumia maji ya kisima, tenga kopo moja la maji ya mvua au ya chupa kwa kunyolea. Bakuli zima halihitaji zaidi ya vijiko vichache, kwa hiyo chupa moja hukaa muda mrefu.

Ukishapata bakuli, kazi yenyewe ni fupi. Loweka brashi dakika mbili tatu ndani ya bakuli lenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia. Yanayochemka huharibu gundi ya fundo. Mwaga maji, kung'uta brashi, weka krimu ya ukubwa wa lozi. Zungusha bila kukandamiza. Mwanzoni utaona uji mzito unaonata. Chovya ncha za brashi kwenye maji, zungusha tena, rudia. Kila tone likiingia, mapovu yanapungua ukubwa mpaka hayaonekani, na uso wa povu unaanza kung'aa. Inua brashi: kilele kikisimama kisha kikainama kidogo kwenye ncha, limeiva. Kikisimama wima bila kung'aa, ongeza tone. Likianza kuteleza ukutani, limezidi maji, ongeza krimu kidogo.

Kwa sisi wenye ndevu za kipilipili hatua hii si ya kuruka. Unywele uliokunywa maji hulainika na hukatwa bila kuvutwa, kwa hiyo huhitaji kupitisha wembe mara nyingi palepale, na kukwangua mara nyingi ndiko kunakochokoza vipele vya shingoni. Bakuli peke yake halitaviondoa, lakini povu lenye maji ya kutosha huupa wembe mmoja nafasi ya kumaliza kazi kwa upole.

Kila ukimaliza, suuza bakuli kwa maji ya moto, lipanguse, uligeuze juu ya kitambaa. Utando wa chokaa ukianza kujijenga chini, kipande cha limau kilichokamuliwa huuondoa. Brashi iwekwe mbali nalo, isimame mahali penye hewa. Ikiachwa ndani ya bakuli lenye unyevu itaota ukungu.