SOMO LA MAZINGIRA: KUJENGA MAKAZI YA VYURA KWA VIFAA TULIVYO NAVYO



Mwaka 1996 wataalamu walimkuta katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, chura mdogo wa manjano asiyepatikana penginepo duniani. Urefu wake haufiki sentimita tatu, naye huzaa watoto walio hai. Maisha yake yalitegemea rasharasha za maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha hizo zilififia. Baadaye ukaonekana pia ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Hakupotea kabisa, kwa kuwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani. Wengi walikufa mwanzoni, hadi watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo walipoyajua mahitaji yao. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakarudishwa korongoni. Sanduku la kioo liliokoa uzao mzima.

Shule na vikundi vya mazingira vya Igowole vyaweza kujifunza utunzaji huo kwa chura wa kawaida wa bustanini, ijapokuwa maduka ya vifaa maalumu hayapo karibu.

1. Sanduku. Fundi wa vioo aunganishe vipande kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Liache wazi siku kadhaa hadi harufu iishe. Kifuniko kiwe fremu ya mbao yenye wavu mpya usiotiwa dawa. Vyandarua vingi vina dawa ya kuua wadudu, hivyo havifai.

2. Sakafu. Tandaza kokoto zilizooshwa, kimo cha vidole vitatu, ili maji ya ziada yashuke. Juu yake weka kitambaa chepesi, kisha udongo wa msituni usioguswa na mbolea wala dawa za mashambani. Malizia kwa majani makavu, kuvumwani na kipande cha gome la kujificha.

3. Maji. Ngozi ya chura hunywa kila kinachoigusa. Tumia maji safi ya mvua au ya chemchemi. Ya bomba yenye klorini yakae wazi kwa saa 24. Nyunyizia asubuhi na jioni kwa chupa mpya, kamwe si pampu ya shambani. Weka pia kisahani cha maji yasiyo na kina.

4. Joto na chakula. Sanduku lisikae juani. Usiku wa Juni na Julai liingizwe ndani, mbali na jiko. Ndizi iliyoiva katika kopo huvuta vijinzi. Hao na mchwa wadogo ni chakula kizuri.

5. Usafi. Osha mikono kabla na baada, suuza sabuni yote. Osha na kukausha viatu kabla ya kwenda bonde jingine, kwani ukungu ule husafiri kwa maji na matope.

Usikamate chura yeyote kabla ya kupata kibali cha afisa wanyamapori wa wilaya. Chura wa Kihansi asiguswe kabisa. Usimhamishie chura bonde jingine.

Sehemu ya vyanzo vya mto Kihansi imo katika wilaya yetu ya Mufindi. Tusilime kandokando ya vijito: sanduku ni kimbilio la dharura, lakini nyumba ya chura ni maji yanayotiririka.

Kwa ushauri, fika ofisi ya kata yako.