Maneno ya mifugo: tuandike muzuri, ili mukopo wa mbuzi usilete magomvi

Ndugu wafugaji, wamama na wapapa wa koperative, somo letu la leo ni juu ya maneno. Kuna mwenye atasema: hawa agronome wamekosa kazi, sasa wanatufundisha Kiswahili! Lakini sisi wenye tunazunguka katika vijiji vya Walungu, Kabare na Kalehe tunaona kama magomvi mengi ya mifugo hayatoke kwa ugonjwa wala kwa kukosa majani. Yanatoka kwa karatasi yenye iliandikwa vibaya.

Tuchukue mufano. Katika koperative moja, mama mumoja alipokea mbuzi jike kwa mukopo wa kuzungusha, ule wa "kopa mbuzi, lipa mbuzi". Karatasi ilisema: "Atarudisha mbuzi mumoja." Basi, ni hayo tu. Mbuzi akazaa mapacha, dume na jike. Mama akawalea wote wawili, na wakati waliacha kunyonya, akaleta yule dume. Komite ikakataa: "Tunataka jike, tena mukubwa sawa ule tulikupatia." Mama akajibu: "Karatasi inasema mbuzi. Huyu hapana mbuzi?" Mama alikuwa na haki. Komite nayo ilikuwa na haki. Karatasi njo haikusema kitu. Na mwenye aliumia zaidi ni jirani mwenye alikuwa wa pili kwenye liste, mwenye kungojea mwana-jike ili naye aanze kufuga. Alingojea zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo tuanze na jina la kila mufugo. Kwetu mutu wa Bushi, ao Muhavu, ao Mufuliru, anaweza kuwa na majina yake ya kutosha katika luga yake. Hayo ni mali, musiyatupe. Lakini koperative inakusanya watu wa luga mbalimbali, na kaye ya koperative inapaswa kuwa na neno moja kwa kitu kimoja.

Neno la kwanza lenye kutuletea taabu ni "dume". Dume ni kila mufugo wa kiume, kuanzia siku anazaliwa. Lakini dume mwenye tumechagua kwa kupanda majike tunamuita beberu kama ni mbuzi, fahali kama ni ngombe, jogoo kama ni kuku. Dume mwenye amehasiwa (wengi wanasema "wamemukata") hawezi tena kuzalisha. Kwa ngombe anaitwa maksai, kwa mbuzi tunaandika tu "dume aliyehasiwa". Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini angalia: koperative inaandika kwenye kaye "madume 6". Je, ni mabeberu 6? Mbuzi majike 20 mupaka 25 wanahitaji beberu mumoja tu, mwenye afya. Wale wengine wanakula bure, wanapigana, tena wanapanda dada zao. Dume wa mbuzi anaweza kupandisha mapema sana, hata kwa miezi minne. Kwa hiyo akifika miezi mitatu na hakuchaguliwa, ahasiwe ao atengwe na majike.

Beberu naye ana mwisho wa kazi yake katika kundi moja. Mabinti zake wanaanza kutafuta dume hata mbele ya kumaliza mwaka. Kama angali pale, atawapanda, na watoto watakuwa wazaifu, kila kizazi kidogo kuliko kile cha mbele. Kisha mwaka mumoja na nusu hivi, mubadilishane beberu na koperative ya kijiji kingine. Haiombe makuta, inaomba paka mapatano na usafiri wa siku moja.

Upande wa majike, tunapendekeza maneno matatu. Mutamba ni jike mwenye hajazaa hata mara moja. Tunajua kama neno hili halizoeleki sana kwetu; katika vitabu vya Tanzania utalikuta hasa kwa ngombe, na kwa mbuzi wanasema pia mbarika. Sisi tunachagua mutamba kwa wote, juu ni fupi na halina maana ingine hapa. Jike mwenye amezaa tunamuita muzazi, na tunaandika ni mara ngapi: "muzazi, mara 2". Na tasa ni jike mwenye hawezi kuzaa.

Neno hili la tasa, tunaomba mulitumie pole pole. Watu wanamuita jike tasa kisha mwezi mumoja wa kungojea! Mbuzi jike anarudi kutafuta dume kila siku 21 hivi, na joto lake linadumu siku moja, ao moja na nusu. Akiwa amefungwa kamba mbali na beberu, ile siku inapita na hakuna mwenye aliona. Hapo kosa ni la kamba. Dalili ni hizi: analia sana, anatikisa mukia, sehemu ya uzazi inavimba kidogo na kuwa nyekundu, anaacha kula ili atazame upande wa madume. Kama beberu mwenye kujulikana kuwa na watoto amemupanda katika joto tatu zenye kufuatana na bado hakuna mimba, hapo njo muite veterinere, na hapo njo muanze kusema neno tasa.

Kwa ngombe kuna jambo lenye kila komite inapaswa kujua mbele ya kununua. Ngombe akizaa mapacha, mumoja dume na mwengine jike, yule jike mara nyingi sana atakuwa tasa: zaidi ya 9 kwa 10. Damu za wale mapacha zinachanganyika ndani ya tumbo la mama, na viungo vya uzazi vya jike havikomae muzuri. Dume hapati shida kubwa. Kwa hiyo mukiuziwa mutamba wa ngombe kwa bei nzuri ya kushangaza, muulize kama alizaliwa peke yake. Kwa mbuzi na kondoo mapacha wa namna hiyo ni wazuri tu, hiyo shida ni chache sana.

Tuje kwenye umri. Muuzaji kwenye soko atakuambia "huyu ana mwaka mumoja" kwa mbuzi yote, hata nyanya wa kijiji. Fungua kinywa. Mbuzi hana meno ya mbele juu; anayo 8 chini. Kama yote 8 ni madogo na meupe, ni meno ya maziwa, hajamaliza mwaka mumoja na kidogo. Mawili ya katikati yakibadilika na kuwa makubwa, ana mwaka mumoja mupaka mumoja na nusu. Yakiwa makubwa manne, ana karibu miaka miwili. Sita, karibu mitatu. Nane, miaka minne hivi, tunasema kinywa kimejaa. Kisha hapo meno yanaachana, yanalika, yanavunjika. Mbuzi wa namna ile hawezi kupasua majani magumu wakati wa kiangazi, na kumununua kwa kuzalisha ni kununua taabu. Meno hayasemi siku kamili, chakula na jamii ya mbuzi vinabadilisha kidogo. Lakini yanasema ukweli kuliko muuzaji.

Mutamba wa mbuzi wa kwetu apandwe wakati gani? Musitazame miezi peke yake. Akiwa na miezi 8 mupaka 10 na uzito wake umefika kama sehemu mbili kwa tatu za uzito wa mama yake, ni sawa. Akipandwa mudogo, anakwama wakati wa kuzaa, ao anazaa mutoto mwepesi bila kuwa na maziwa ya kumutosha, na yeye mwenyewe haongezeke tena.

Sasa hesabu, na hapa tunaomba wasekretere wa koperative wachukue biki. Mimba ya mbuzi ni siku 150, sawa ya kondoo. Ngombe ni siku 280 hivi, miezi tisa na siku chache. Nguruwe ni siku 114: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, wafugaji wengi wanaikumbuka hivyo. Sungura ni mwezi mumoja. Kobayi, mwenye kuonekana mudogo kuliko sungura, anabeba zaidi ya miezi miwili, lakini watoto wake wanazaliwa na manyoya na macho wazi, na kisha siku chache wanaanza kuguguna majani. Yai la kuku ni siku 21 chini ya mama.

Mbuzi akipandwa tarehe 1 ya mwezi wa 3, mumungojee karibu na tarehe 29 ya mwezi wa 7. Mutoto ananyonya miezi mitatu: tunafika mwisho wa mwezi wa 10. Hizo ni siku 240, miezi minane, hata kama mbuzi alipandwa siku ile ile alifika. Na bado tumeona mapatano ya mukopo yenye kusema "arudishe kisha miezi sita". Haiwezekani! Mwenye aliandika vile hakuhesabu mimba. Mwenye kupokea, akiogopa aibu, anaenda kuuza mihogo ao kukopa makuta ili anunue mbuzi sokoni na kurudisha. Mukopo wenye ulikuja kumusaidia umemufungia deni.

Tena kuna jambo lingine. Mutoto wa kwanza anaweza kuwa dume, ni nusu kwa nusu. Kama mapatano yanadai jike, mufugaji mwenye kupata dume atangojea uzao wa pili, na hiyo ni miezi 8 zaidi kama mambo yanaenda muzuri. Hakuna mwenye kukosa hapo. Iandikwe tu tangu mwanzo.

Komite nyingi zinatuuliza: arudishe mwana-jike akiwa na umri gani? Sisi tunapenda miezi sita. Mwana-mbuzi wa miezi mitatu mwenye ametoka kuacha ziwa la mama, ukimuhamisha pale pale kwa nyumba ingine, kwa majani mengine na minyoo mingine, unaweza kumupoteza, na mwenye kumupokea atabaki mikono mitupu. Miezi sita ni haki zaidi kwa mwenye kungojea. Lakini ni kazi ya ziada kwa mwenye kulea, na koperative iitambue: kwa mufano dawa ya minyoo ya mwana-mbuzi yule ilipwe na sanduku la koperative. Siku 150 na miezi sita, hiyo ni miezi 11. Basi muandike mwaka mumoja kuanzia siku ya kupandwa, mutalala muzuri.

Tubakize maneno ya kuzaa na ya kufa, maana kwenye kaye nyingi tunakuta paka "mutoto alikufa". Hii haitusaidie kitu. Alikufa lini? Kama mimba ilitoka mbele ya siku zake, andika "mimba iliharibika". Kama mutoto alitoka kwa wakati wake lakini bila pumuzi, andika "alizaliwa mufu". Kama aliishi siku tatu, andika siku tatu. Kila neno linaonyesha mulango wake. Mutoto mwenye kufa katika siku za kwanza, tutauliza kama alipata maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya njano, katika saa sita za kwanza. Tutauliza baridi ya usiku na kitovu chenye hakikutiwa iode. Mwenye kufa kwa miezi miwili na tumbo kubwa na kuharisha, tutatafuta minyoo na uchafu wa kibanda.

Na mimba zenye kuharibika, hasa mbili ao tatu katika kundi moja, ni jambo la kumuitia veterinere siku ile ile. Inaweza kuwa bruselozi, na ugonjwa huo unaingia kwa watu: homa yenye kurudi rudi, maumivu ya viungo, jasho la usiku, ambayo tunaidhania kuwa malaria kwa wiki nyingi. Musiguse mutoto yule wala kondo lake kwa mikono mitupu, musiwatupie imbwa. Muchimbe shimo la kina na kuzika. Mama mwenye mimba asikaribie kabisa. Maziwa yachemshwe, ya ngombe na ya mbuzi, hata kama wazee wanasema maziwa mabichi njo yenye nguvu.

Kwa nguruwe na kuku tutarudi wakati mwengine, maneno yao si mengi. Kwa leo, koperative zenye mukopo wa mbuzi zinaweza kuchukua fungu hili na kuliandika upya kwa mukono wao:

"Mimi fulani nimepokea mutamba mumoja wa mbuzi, rangi nyeusi na doa jeupe kwenye paji, meno ya maziwa, hana mimba, tarehe fulani. Nitarudisha mwana-jike mumoja wa miezi sita, mwenye afya, kutoka uzao wa kwanza wenye jike. Kama uzao wa kwanza ni dume tu, nitangojea uzao wa pili. Kama mbuzi anakufa, nitaita komite mbele ya kumupasua ao kumuzika, na komite itaona kama ni ugonjwa ao ni uzembe. Mbuzi mwenye kufa kwa ugonjwa hanifanyie deni."

Rangi na alama musizisahau, ao mutie hereni ya namba kwenye sikio kama munazo. Mufanye karatasi mbili, moja kwa mufugaji na moja kwa koperative. Isomwe kwa sauti, katika luga yenye mufugaji anaisikia nyumbani kwake, mbele ya mashahidi wawili, na kisha hapo njo atie sahihi ao kidole.