Sensa ya Oksijeni Iliyojificha: Pima Kwanza, Ndipo Ufungue

Fundi, Toyota Noah yangu inabeba abiria kati ya Mbaha na Mbinga na imeshapita kilomita 300,000. Taa ya injini imewaka na mashine ya kupimia imetaja oksijeni. Si nibadilishe tu sensa niendelee na safari?

Subiri kwanza. Sensa hiyo imekaa kwenye ekzosi, na kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari kama moshi umebaki na oksijeni au la. Kompyuta huongeza au kupunguza petroli kwa taarifa hiyo, ili kila gramu ya petroli ipate gramu 14.7 hivi za hewa. Kwa hiyo soma kodi yenyewe ya hitilafu, usiridhike na neno "oksijeni". Kodi P0135 inahusu hita ya sensa na P0133 inahusu sensa inayojibu polepole. Hizo zinaielekea sensa moja kwa moja. Lakini P0171 inasema tu kwamba hewa imezidi petroli, na hapo sensa inaweza kuwa nzima na inasema kweli: mpira wa hewa umepasuka, gasketi ya manifodi inavuta hewa, pampu ya petroli imechoka, au ekzosi ina ufa kabla ya kufika kwenye sensa. Gari lililotembea sana lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na maradhi hayo. Wanaosema umri wa gari unatosha kuihukumu sensa wanasahau kwamba mipira na gasketi zimezeeka nayo. Ukifunga sensa mpya juu ya ufa huo, itatoa taarifa ile ile, na fedha yako imeshakwenda.

Lakini kupima nako ni gharama. Si bora fundi afungue mara moja?

Ingekuwa hivyo kama sensa ingekuwa mahali pa wazi. Noah za 2001 hadi 2007 zenye injini ya 1AZ zina ekzosi upande wa nyuma, kwenye ukuta wa kabini. Zile za kabla yake, za 3S, injini yote iko chini ya viti vya mbele. Harrier ya V6 nayo ina safu moja ya silinda iliyobanwa na ukuta huo huo. Kufungua ni kazi ya saa nyingi, na nyuzi zilizoliwa na kutu zinaweza kuharibika. Kupima hakuhitaji hata kuigusa sensa. Kwenye Toyota za zamani unaunganisha TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia, kisha unahesabu taa ya injini inavyomweka; namba 21 ndiyo ya sensa ya oksijeni. Kwenye gari la baadaye angalia volti wakati injini ina moto: sensa nzima ya kabla ya masega ya kusafisha moshi hupanda na kushuka bila kutulia, kati ya volti 0.1 na 0.9. Ila tahadhari. Toyota nyingi za karibuni zimewekewa pale mbele sensa ya aina nyingine, ambayo kwenye mashine huonyesha volti 3.3 hivi na haichezi namna hiyo. Fundi asiyejua tofauti hiyo ataitupa sensa nzima.

Wengine wanakata waya na gari linatembea. Hasa kwenye mlima, inasaidia nini?

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho ukiwa na abiria, ukitoka Mbaha kando ya Ziwa Nyasa, takriban meta 475 juu ya usawa wa bahari, kupanda milima ya Umatengo kuelekea Mbinga, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, kompyuta kweli huiweka sensa pembeni na kumimina petroli zaidi. Hata hivyo haianzi upya. Inapanda na masahihisho iliyojifunza kutoka kwa sensa ulipokuwa ukienda taratibu kwenye tambarare. Sensa ikidanganya huko chini, uongo huo unapanda nao mlima; ukikata waya, kompyuta inabaki na hesabu za kiwandani zisizojua kwamba nozeli zako zimechoka. Petroli inayozidi huenda kuungulia ndani ya masega, nayo hupata joto hadi kuyeyuka na kuziba. Gari linakosa nguvu mlimani, na sasa una matatizo mawili.

Nimepima, kweli ni mbovu. Itoke vipi bila kuharibu nyuzi?

Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, kisha fungua injini ikiwa na uvuguvugu. Sensa za Toyota nyingi za zamani hushikwa kwa nati mbili za 12. Nyingine zina nyuzi za milimita 18 na zinataka soketi ya 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya. Mara nyingi njia iko chini ya gari, kwa ekstensheni ndefu, na gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Ikigoma, ilegeze kidogo, irudishe, ilegeze tena. Kuilazimisha ndiko kunakotoa nyuzi. Mpya ipakwe grisi ya joto kwenye nyuzi tu, isifike kwenye ncha. Ukilazimika kuunga waya, tumia viungio vya kubana, usitie lehemu wala grisi, kwa sababu sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia humo humo kwenye waya. Ya mtumba siishauri: hujui ilikotoka ilikuwa inameza oili au maji ya rejeta. Na fundi akipaka gundi ya silikoni kwenye injini, achague ile iliyoandikwa kwamba haidhuru sensa, kwani mvuke wa ile ya kawaida huiua sensa mpya kabla hujarudi Mbinga mara ya pili.