SOMO: Tujaribu mfumo mpya bila kuutupa wa zamani

Ndugu wafanyakazi wa mashamba ya miwa Busia na viwanda vya saruji Tororo,

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi kuukuu hazipokei Windows 11. Kabla ya kutumia ada zenu kununua kompyuta mpya, tuijaribu Linux, mfumo endeshi wa bure. Njia ni tatu.

Kwanza, flashi. Linux Mint au Ubuntu huandikwa kwenye flashi tupu, kisha kompyuta huwashwa kutoka humo. Usipochagua kusakinisha, diski haiguswi. Ukizima na kuitoa flashi, Windows ipo vile vile. Kazi uihifadhi kwenye flashi nyingine.

Pili, programu ya VirtualBox huendesha Linux ndani ya dirisha la Windows. Kompyuta dhaifu italemewa.

Tatu, diski hugawanywa, mifumo miwili ikakaa pamoja. Kila ukiwasha unachagua mmoja. Hapa ndipo penye hatari. Umeme ukikatika katikati ya kugawa, mafaili yaweza kupotea. Mwenzetu aliyekatwa kidole na mashine huenda hana ushahidi mwingine wa madai ya fidia ila faili lile. Basi nakili kila kitu kwanza, ufungue nakala uone kama inasomeka.

Tunashauri tawi lianze na flashi. Mweka hazina apige hesabu za ada, achape barua, ajaribu printa. Ikishindikana, hatukupoteza kitu. Ikifaulu, tumeokoa jasho la wanachama.