Mtoto aliyeanguka wakati wa kukimbia

Tusome 2 Samweli 4:4. Mefiboshethi alikuwa na miaka 5 habari za vita zilipofika. Yaya wake alimbeba akakimbia, mtoto akaanguka, akalemaa miguu. Hakurogwa wala hakulaaniwa. Sisi tuliokwisha kukimbia na watoto mgongoni tunaelewa jambo hilo upesi.

Katika sura ya 9, Daudi anamwita ale mezani pake siku zote. Lakini kwanza anamrudishia mashamba ya babu yake Sauli. Wahubiri wengi huruka hayo mashamba! Ndiyo maana makanisani kwetu msaada huishia kwenye sadaka ya mlangoni.

Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kuwakilishwa hata katika ngazi ya chini. Basi kamati inayogawa turubai iwe na mjumbe wao, mwenye sauti ya kuamua.

Mjadiliane: Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika Uvira, nani alikwenda kumtoa jirani asiyeona? Maji yakija tena usiku, kiziwi ataamshwa na nani? Nani amepangiwa kumbeba asiyetembea?