POLIMA ZILIZOTIWA ALAMA YA NURU

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vilivyoungana mfululizo, mithili ya shanga zilizotungwa katika uzi mmoja. Mojawapo ni dekstrani, ambayo hutengenezwa na bakteria Leuconostoc mesenteroides kutokana na sukari ya kawaida. Shanga zake ni glukosi. Dekstrani huyeyuka katika maji wala haina rangi. Kwa hiyo ikiisha kuingia katika damu, haionekani tena.

Ili ionekane, hufungiwa rangi iitwayo fluoreseini, ambayo Adolf von Baeyer wa Ujerumani aliitengeneza mwaka 1871. Rangi hiyo hufyonza nuru ya buluu yenye wimbi la urefu wa nanomita 490 hivi, kisha hutoa nuru ya kijani ya nanomita 520 hivi. Kwa kuwa nuru hizo mbili hutofautiana, mtafiti huweza kuizuia ile ya buluu kwa chujio, akaipima ya kijani peke yake.

Dekstrani za namna hii hupatikana kwa ukubwa mbalimbali, tangu uzito wa molekuli wa 4,000 hadi 2,000,000, na hivyo hufaa kupimia upenyezi wa tando za mwili. Kwa mfano, panya wa maabara hunyweshwa dekstrani ya 4,000, na baada ya saa chache damu yake hupimwa. Utumbo ulio mzima huipitisha kidogo tu. Uliodhurika huipitisha kwa wingi.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba chombo hupima nuru ya rangi, hakipimi polima yenyewe. Fluoreseini isiyofungwa ina uzito wa 332 tu, nayo hupenya mahali ambapo dekstrani haipiti. Ikibaki katika mchanganyiko, utumbo mzima waweza kudhaniwa kuwa mgonjwa. Kwa sababu hiyo mchanganyiko hutiwa katika mfuko wa utando wenye vitundu vidogo mno, ukatumbukizwa katika maji yanayobadilishwa mara kwa mara, mpaka maji ya nje yasionyeshe nuru tena. Aidha, nuru ya fluoreseini hufifia katika asidi. Hivyo sampuli zote hazina budi kupimwa katika kiwango kimoja cha asidi.

Basi kabla ya kuandika kwamba polima imepenya, mtafiti yampasa kwanza athibitishe kwamba rangi aionayo ingali imefungwa kwenye polima hiyo.