Usukani wa pikipiki ukicheza: kagua kwanza, dampa baadaye

Bodaboda anayeacha lami ya Barabara ya Kilwa kuingia mitaa ya ndani ya Mbagala na Toangoma, au ya Bagamoyo kuingia Bunju na Mabwepande, siku nzima anapiga mashimo na kukata mchanga. Kila kishindo cha tairi la mbele huishia kwenye gololi za usukani. Masika ya Machi hadi Mei yakifika, maji huosha grisi na mchanga hukaa mahali pake. Usukani huanza kucheza, na abiria hana habari.

Wapo wanaokimbilia kufunga dampa, kifaa chenye mafuta ndani kinachopunguza kasi ya usukani unapotaka kuruka mkononi. Dampa ina kazi yake, lakini haitibu usukani uliochakaa. Inauficha tu, huku ubovu ukiendelea.

Kagua hivi

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, tairi la mbele liwe juu. Shika shokapu za mbele kwa chini, vuta na sukuma. Ukisikia "ko-ko" shingoni mwa usukani, gololi zimelegea. Kisha zungusha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukinasa katikati, vikombe vya gololi vimechimbika na kukaza nati hakutasaidia.

Usiishie hapo. Tikisa gurudumu kwa pembeni kujua hali ya beringi zake, gusa spoku moja moja uone zilizolegea, pima upepo. Mizigo nayo ina lawama: mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, au magunia ya nyuma huinua uzito kutoka tairi la mbele, na usukani huwa mwepesi na kuyumba hata kama kila kitu ni kizima.

Ununuzi na ufungaji

Nenda dukani na vipuri vya zamani mkononi ulinganishe ukubwa. Nunua seti nzima, gololi pamoja na vikombe vya juu na chini. Gololi mpya kwenye kikombe kilichochimbika huharibika upesi. Zipo pia beringi za koni, ambazo hudumu zaidi zikifungwa vizuri.

Fundi atoe vikombe vya zamani kwa kugonga pande zote kwa zamu. Vipya viingie vikiwa vimenyooka, bila nyundo kugusa njia ya gololi. Grisi iwe ya beringi, ya kutosha. Oili ya injini haifai hapa. Nati ikazwe, usukani uzungushwe mara kadhaa hadi mwisho pande zote, kisha nati ilegezwe kidogo. Kipimo ni hiki: usivutike mbele na nyuma, lakini ukisukumwa kidogo uanguke wenyewe upande. Ukiwa mgumu umekazwa mno, na pikipiki itakupeleka zigizaga.

Kabla ya kulipa, washa injini na uzungushe usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Mlio ukipanda, kebo ya mafuta imebanwa. Baada ya siku chache za kazi rudi kwa fundi usukani ukaguliwe tena, maana vikombe vipya hukaa na nati hulegea.

Dampa inamfaa nani?

Inamfaa hasa mwenye pikipiki ya matairi manne anayepita mchangani, kwenye mizizi na mawe, ambako usukani humgeukia ghafla. Chagua iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako na inayoweza kurekebishwa. Ikishafungwa, zungusha usukani hadi mwisho pande zote: usizuiwe na dampa kabla ya kufika kwenye kikomo chake. Anza na mpangilio laini, ongeza kidogo kidogo. Kwa bodaboda wa mjini, fedha ya dampa itafanya kazi zaidi kwenye gololi na tairi zuri la mbele.

Usukani ukitikisika safarini, punguza mafuta taratibu, bana tangi kwa magoti, usikamate breki ya mbele kwa ghafla. Ukishasimama, mshushe abiria na uende kwa fundi kabla ya kubeba mwingine.